Pikosekunde 200 zinapotelea wapi ndani ya mashine ya PET?

Swali la msomaji:

"Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa mwisho wa uhandisi wa elektroniki. Nimesoma kwamba mashine mpya za PET, zile zinazopiga picha ya mwili kwa kufuata dawa yenye mionzi, hupima muda wa kufika kwa fotoni kwa usahihi wa takriban pikosekunde 200 (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde). Mwanga hukata sentimita 6 kwa muda huo, lakini tunaambiwa picha zake zinatenganisha vitu vya milimita 3 au 4. Inakuwaje? Na kama kuna chipu zinazopima pikosekunde 10 au 20, kwa nini zisifungwe tu humo tukapata picha kali zaidi? Nataka mradi wangu wa kuhitimu uwe saa ya kupima muda ndani ya FPGA, chipu ambayo mtumiaji huipanga saketi zake mwenyewe. Je, nitakuwa nimeligusa tatizo lenyewe au nitakuwa pembeni?"

Marahaba. Maswali yako yana mzizi mmoja: umechukulia kwamba muda ndio unaochora picha, na kwamba muda huo hupotea kwenye waya na chipu. Kwa mashine za leo si hivyo. Kazi ya muda ni kupunguza chenga kwenye picha. Ukali unatoka kwingine. Na sehemu kubwa ya hizo pikosekunde huliwa ndani ya fuwele, ile inayoigeuza gama kuwa mwanga, kabla saketi yako haijaonja hata elektroni moja.

Kwanza turekebishe hesabu. Positroni, pacha wa elektroni mwenye chaji chanya, inayotoka kwenye florini-18 iliyo ndani ya dawa husafiri kidogo ndani ya tishu, hukutana na elektroni, zikaangamizana, na mahali pao huzaliwa fotoni mbili za gama, kila moja na kiloelektronivolti (keV) 511, zikikimbia pande mbili zilizopeana migongo. Vigunduzi viwili vikipigwa karibu kwa wakati mmoja, tunajua tukio lilikuwa mahali fulani kwenye mstari unaoviunga. Sasa lichukue tukio lililo katikati kabisa ya mstari, ulisogeze sentimita 3 kulia. Fotoni ya kulia imepunguziwa safari sentimita 3, ya kushoto imeongezewa sentimita 3. Tofauti ya safari ni sentimita 6, yaani pikosekunde 200. Kwa hiyo pikosekunde 200 ni sentimita 3 za mahali, si 6. Kosa hilo hufanywa na karibu kila anayeanza, usione haya.

Hata hivyo sentimita 3 bado ni mbali na milimita 3. Siri ni kwamba kipimo cha muda kinaeleza tukio liko wapi kwa urefu wa mstari tu. Kwa upana wake, mstari ni mwembamba kama fuwele zilizopigwa, na mistari hiyo inapita mwilini kwa pembe mamia. Mstari mmoja unaokata kutoka kushoto, mwingine kutoka juu, mwingine kimshazari: inapokatiana ndipo penye uvimbe. Mashine za PET zilitoa picha nzuri kwa miongo mitatu hivi bila kupima muda huo kwa namna yoyote ya maana.

Muda unapokosekana, kompyuta haina budi kulitawanya kila tukio kwenye urefu wote wa mstari uliomo mwilini. Jozi ya fotoni iliyotoka kwenye ini inachafua mgongo, na iliyotoka mgongoni inachafua ini. Uchafu huo ndio chenga. Ukiwa na muda, unalitawanya kwenye kipande kifupi tu. Tuchukue kiwiliwili cha sentimita 40 na mashine ya Biograph Vision, iliyotoka 2018 na pikosekunde 214, ambazo ni sentimita 3.2. Gawanya 40 kwa 3.2, unapata 12.5, kipeuo chake cha pili ni 3.5. Uwiano wa ishara na chenga hupanda kwa takriban mara hizo, sawa na kuhesabu jozi mara 12 zaidi kwa dawa ileile na dakika zilezile. Hii ni hesabu ya mezani, mgonjwa halisi hutoa pungufu ya hapo, lakini mwelekeo ni sahihi. Na angalia jambo zuri lililojificha humo: kadiri mwili unavyokuwa mnene ndivyo faida inavyokuwa kubwa. Wagonjwa wanene ndio waliokuwa na picha mbaya zaidi, na ndio waliosaidiwa zaidi.

Ukali wenyewe una mabwana watatu, na elektroniki si mmoja wao. Wa kwanza ni upana wa fuwele: katikati ya duara la vigunduzi, ukungu unaotokana nayo ni nusu ya upana huo, hivyo fuwele ya milimita 3.2 hutoa milimita 1.6. Wa pili ni fizikia ya kuangamizana. Positroni na elektroni hazijatulia tuli zinapokutana, kwa hiyo fotoni mbili hazitoki kwenye mstari ulionyooka kabisa. Hupinda kwa sehemu ndogo ya digrii. Ukungu wake ni kama 0.0022 ya kipenyo cha duara, na kwa duara la sentimita 80 unapata karibu milimita 1.8. Wa tatu ni safari ya positroni kabla haijaangamia: kwa florini-18 ni ndogo, chini ya milimita kwa wastani, ila kwa gali-68 au rubidi-82, ambazo positroni zake zina nishati kubwa zaidi, ni ndefu na inaonekana pichani. Ukungu huu haujumlishwi moja kwa moja; unachukua kipeuo cha pili cha jumla ya miraba. Fanya hivyo kwa florini-18 utakuta kama milimita 2.5. Ongeza hasara ya kutambua fuwele iliyopigwa na ya kuunda picha, unavuka 3. Hata ukipewa saa ya peponi yenye nusu ya pikosekunde moja, bwana wa pili hatikisiki isipokuwa ukipunguza duara.

Sasa tuingie kwenye fuwele, maana hapa ndipo mambo yalipo.

Fotoni ya keV 511 haionekani na sensa yoyote ya mwanga. Inabidi ipige kitu kizito kitakachoigeuza kuwa fotoni nyingi za mwanga wa kawaida. Mwanzoni kitu hicho kilikuwa iodidi ya sodiamu yenye thali, ileile ya kamera za gama za Hal Anger. Inang'aa sana, lakini ni nyepesi, gama nyingi zinapenya bila kuguswa, na inanyonya unyevu wa hewani hadi kuharibika. Ikaja BGO, fuwele ya bismuthi na jerimani, yenye uzito wa gramu 7.13 kwa sentimita ya ujazo. Inakamata gama vizuri mno, ila ni goigoi: mwanga wake huzimika kwa takriban nanosekunde 300, na ni hafifu. Katika miaka ya 1980 kulikuwa na mashine zilizojaribu kupima muda kwa fuwele nyepesi za floridi ya sizi na floridi ya bari, ambazo ni za haraka. Zikashindwa na BGO kwa sababu rahisi: saa nzuri isiyokamata fotoni haina kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Charles Melcher na wenzake wakaleta LSO, fuwele ya luteti iliyotiwa seri. Nzito kama BGO, mwanga mara tatu au zaidi, na huzimika kwa nanosekunde 40. Ndugu yake LYSO ndiye aliyewezesha Gemini TF ya 2006, mashine ya kwanza ya biashara iliyorudisha kipimo cha muda hospitalini, ikiwa na pikosekunde 600 hivi.

Hebu tazama tukio moja ndani ya LSO kwa macho ya saa yako. Gama ikiacha nishati yake yote, huzaliwa fotoni za mwanga kama 15,000. Hazitoki kwa pamoja. Zinadondoka moja moja kwa mpangilio wa bahati nasibu, zikitapakaa kwenye nanosekunde 40 na kuendelea. Unachotaka ni dakika ya kwanza ya mvua, na unaijua kwa matone ya mwanzo tu. Matone yakiwa mengi na ya haraka, unaijua vizuri. Yakiwa machache na ya polepole, unabahatisha. Kwa kifupi, kosa la muda hukua kwa kipeuo cha pili cha muda wa kuwaka ukizidishwa kwa muda wa kuzimika, kisha ukagawanywa kwa idadi ya fotoni zilizohesabiwa. Hakuna chipu inayoweza kukurudishia habari ambayo fuwele haikuitoa.

Halafu kuna urefu. Fuwele ya kawaida ni ya milimita 20, na sensa ya mwanga imebandikwa nyuma yake. Gama ikipiga sehemu ya mbele, mwanga lazima utembee milimita 20 hadi kwenye sensa, na ndani ya LSO mwanga hutembea polepole mara 1.82 kuliko kwenye ombwe: pikosekunde 121. Gama ikipenya hadi nyuma kabisa ndipo ipige, yenyewe hutumia pikosekunde 67 kufika huko, na mwanga hauna safari. Matukio mawili yaliyoingia kwenye fuwele kwa wakati mmoja tayari yana tofauti ya pikosekunde 54, na hapo nimechukulia mwanga unaokwenda moja kwa moja. Mwingi haufanyi hivyo. Hugonga kuta, hurudi mbele, huzunguka. Maabara zimepima hili: jozi ya fuwele za LSO zenye urefu wa milimita 3 imefika pikosekunde 58, ya milimita 20, aina ileile na sensa ileile, ikaishia kama 98.

Utaniuliza kwa nini basi tusikate fuwele fupi. Kwa sababu gama za keV 511 ni wabishi. Milimita 20 za LSO hukamata kama asilimia 82 ya fotoni zinazoingia, na kwa kuwa tunazihitaji zote mbili, jozi 67 kati ya 100. Milimita 3 hukamata asilimia 23. Jozi 5 kati ya 100. Umenunua saa kwa bei ya mashine nzima. Ndiyo maana baadhi ya watafiti wanasoma mwanga kwa ncha zote mbili za fuwele, au wanapanga tabaka mbili, ili wajue gama ilipiga kina gani na kusahihisha muda. Faida ya pili ni kwamba kina hicho huondoa ukungu wa pembeni mwa duara, pale ambapo gama huingia fuwele kimshazari na mashine ikadhani imetoka kwingine. Kwa mashine za ubongo na za wanyama wadogo, ambazo duara lake ni dogo, bila kina huendi popote.

Baada ya fuwele ni sensa. Kwa miaka mingi ilikuwa fotomaltiplaya ya neli: chupa ya kioo yenye ombwe, volti elfu na zaidi, ghali, na sumaku ndogo tu inaichanganya. Mwaka 1986 Mike Casey na Ronald Nutt walikuja na ujanja uliofanya PET iwe na bei ya kuvumilika: tofali la fuwele lililokatwakatwa, neli 4 tu nyuma yake, na mahali pa pigo panakisiwa kwa kulinganisha mwanga uliofika kila neli. Mimi nauhesabu kuwa ndio ubunifu mkubwa kuliko wote katika fani hii, na haukuwa na chipu yoyote ya ajabu ndani yake.

Leo ni fotomaltiplaya ya silikoni. Ni kipande cha milimita chache chenye maelfu ya seli ndogo, kila moja ikingoja fotoni moja iporomoshe mkondo, kisha ijizime na kusubiri tena. Inatumia makumi ya volti na haisumbuliwi na sumaku, ndiyo sababu PET na MRI zinaweza kukaa chumba kimoja na kupiga picha kwa pamoja. Ubaya wake ni joto. Seli huporomoka zenyewe bila fotoni, na uongo huo huongezeka maradufu kwa kila digrii 8 hadi 10 hivi. Volti ya kuporomokea nayo huhama kwa makumi ya milivolti kwa kila digrii, na ikihama, ukubwa wa ishara na muda wake vinahama nayo. Nikiwa mgeni kwenye kazi hii nilihangaika siku tatu na kigunduzi ambacho muda wake uliteleza kila alasiri na kurudi usiku. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha bodi, nikaandika upya programu. Mwisho nikagundua feni moja ya kasha ilikuwa imekufa. Tangu hapo, kabla sijaamini grafu yoyote ya muda, naomba kwanza grafu ya joto.

Sasa elektroniki yako. Tuseme mnyororo wote, amplifaya, kizingiti (kiwango ambacho ishara ikikivuka ndipo muda husomwa), saa ya kupima muda na mgawanyo wa saa kuu kwenye bodi zote, unachangia pikosekunde 40 kwa jozi, ndani ya mashine ya 214. Toa mraba wa 40 kutoka mraba wa 214, chukua kipeuo cha pili: 210. Hicho ndicho ungepata kama elektroniki ingekuwa kamilifu. Umeokoa pikosekunde 4. Ndiyo maana hakuna anayekimbilia kufunga chipu ya pikosekunde 10 kwenye mashine ya leo. Ila geuza hesabu hiyohiyo kwa kigunduzi cha pikosekunde 58, na zile 40 zinakuwa karibu nusu ya mraba wote. Hapo mhandisi wa elektroniki anarudi mezani.

Na watu wanaelekea huko. Paul Lecoq na wenzake wametoa changamoto ya kufika pikosekunde 10, ambazo ni milimita 1.5, hapo muda wenyewe utakuwa unachora picha bila mistari kukatiana. Mwaka 2021 kundi la watafiti lilionyesha picha zisizohitaji hesabu ya kuunda kabisa, kwa vigunduzi vya pikosekunde 32, sawa na milimita 4.8. Hawakutumia mwanga wa kawaida wa fuwele, walitumia mwanga wa Cherenkov, mweko unaotokea papo hapo elektroni inapokimbia ndani ya kioo kuliko mwanga unavyoweza kwenda humo. BGO ile goigoi nayo hutoa mweko huo, fotoni chache tu kwa kila gama, na sensa za kisasa zimeanza kuzinasa. Fuwele iliyozikwa na LSO inafufuka, na ni ya bei nafuu zaidi. Mimi sikulitarajia hilo.

Ugumu wa kweli wa elektroniki ya PET leo uko kwenye wingi. Mashine ya mwili mzima ya uEXPLORER, iliyotokana na kazi ya Simon Cherry na Ramsey Badawi wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ina urefu wa sentimita 194, fuwele 564,480 na sensa 53,760. Muda wake ni pikosekunde 505 hivi, si wa kujivunia, lakini inakusanya jozi nyingi kiasi kwamba inazishinda mashine fupi zenye saa bora. Kila chaneli iliyomo humo inakula umeme na kutoa joto, na nimeshakueleza joto linafanya nini. Kila bodi lazima ikubaliane na nyenzake saa ni ngapi. Sensa ikiwa pana, kapasitansi yake ni kubwa, ukingo wa ishara unalala, na kizingiti kinayumba. Ishara kubwa huvuka kizingiti mapema kuliko ndogo hata zikianza pamoja, hivyo lazima upime ukubwa wake usahihishe muda. Ukubwa huohuo ndio unaokuwezesha kuzitupa gama zilizopoteza nishati kwa kugongana njiani mwilini. Kwa kawaida chochote kilicho chini ya keV 430 au zaidi kidogo hutupwa.

Kuna pia jozi za bahati, fotoni mbili zisizo ndugu zilizofika karibu pamoja. Idadi yake ni mara mbili ya upana wa dirisha la muda, mara kasi ya kigunduzi cha kwanza, mara kasi ya cha pili. Usidhani saa nzuri itakuruhusu kulibana dirisha hilo hadi pikosekunde 200: duara la sentimita 80 linahitaji karibu nanosekunde 2.7 kwa mwanga kulivuka, na ukibana zaidi unawakata wagonjwa mabega.

Kwa mradi wako, basi: saa ndani ya FPGA ni kazi halali na inatumika. Lakini usiishie kutangaza kwamba umepata hatua za pikosekunde 15. Mnyororo wa kubeba tarakimu unaoutumia kama mstari wa kuchelewesha hauna hatua sawa. Nyingine ni pana, nyingine karibu hazipo, na zote huhama chipu ikipata joto. Kupima upana wa kila hatua, kuusahihisha, na kuonyesha usahihisho huo unadumu digrii 10 juu na chini, hapo ndipo mtihani wako ulipo.

Wala huhitaji chanzo cha mionzi wala kibali chake. Nunua kipande kidogo cha LYSO na sensa moja ya silikoni. Asilimia 2.6 ya luteti yote ya asili ni luteti-176, ambayo ina mionzi yake yenyewe. Fuwele ya milimita 4 kwa 4 kwa 20 itakupa mapigo makumi kadhaa kwa sekunde, yasiyojua chochote kuhusu saa yako, na mapigo ya namna hiyo ndiyo unayohitaji kujaza kila hatua kwa haki. Iache usiku kucha, asubuhi uhesabu ngapi ziliangukia wapi. Ukiongeza fuwele ya pili ikatazamana na ya kwanza, utapata jozi: beta, yaani elektroni inayorushwa na luteti, inabaki ilikozaliwa, gama ya keV 202 au 307 inaruka kwa jirani. Usitarajie kuona pikosekunde 200 hapo, kwa sababu nishati ya beta imetapakaa na kizingiti kitakuyumbisha. Lakini utaona mlima kwenye grafu, na mlima huo ukiteleza alasiri, anza kwa kukagua feni.